Kuandaa Sencha kwa Maji ya Mombasa

Mtu aliyezoea kuchemsha chai pamoja na maziwa, tangawizi na iliki huharibu sencha, chai ya kijani ya Japani, kwa kosa moja tu, nalo ni kuimwagia maji yanayotokota. Majani ya sencha hufukizwa kwa mvuke mara baada ya kuchumwa ili yabaki kijani, tofauti na chai nyeusi inayouzwa kwenye mnada wa hapa Mombasa, ambayo huachwa igeuke rangi kwanza. Ndani ya sencha mna katekini, zenye uchungu na ukakasi, ambazo hutoka kwa wingi maji yakiwa moto sana, na theanini, yenye utamu wa mbali, ambayo hutoka hata maji yakiwa yamepoa kiasi.

Kabla ya moto, tazama maji yenyewe. Maji ya Japani kwa kawaida ni laini, ilhali visima vingi vya mjini kwetu vina maji ya chumvi, yanayoifanya ladha ya sencha iwe butu. Tumia maji ya chupa yenye madini machache, au ya mvua uliyoyakinga mahali safi na kuyachemsha.

Chombo chake ni kyusu, buli dogo lenye mkono ubavuni na chujio ndani. Mji wa Tokoname, katika mkoa wa Aichi, unasifika kwa mabuli ya udongo mwekundu ya aina hiyo. Ukilikosa, buli lolote dogo la kauri litafaa, mradi uwe na chujio chembamba.

Kwa watu wawili, pima gramu 5 za majani na mililita 180 za maji. Maji yakishachemka, yamimine kwanza katika buli tupu, kisha uyahamishie vikombeni. Kila uhamisho huyapunguza takriban nyuzi 10, na hapo utakuwa pia umepima kiasi. Unayataka yafike nyuzi 70 hadi 75, na kwa joto la jikoni zetu hayana haraka ya kupoa, basi yasubiri hadi uweze kukizungushia kikombe viganja bila kukiachia. Tia majani katika buli, rudisha maji, funika, ngoja dakika moja, wala usilitikise, kwani kutikisa huongeza uchungu na kuchafua maji. Mimina kidogo kidogo, kikombe hiki kisha kile, halafu urudi kinyume, ili mmoja asipate chai nyepesi na mwenzake nzito. Tone la mwisho lazima litoke: maji yanayobaki chini huendelea kuyakamua majani, na mkupuo wa pili, yaani majani yaleyale yakitiwa maji tena, utakuwa mchungu. Huo wa pili unataka maji ya moto zaidi na sekunde 15 tu, kwa kuwa majani yamekwisha kufunguka. Sukari na maziwa haviingii.

Gyokuro, chai nyingine ya kijani ya Japani inayokuzwa kivulini kwa siku 20 hivi kabla ya kuchumwa, huandaliwa kwa nyuzi 50 hadi 60 na kwa dakika mbili, na vikombe vyetu vidogo vya kahawa vinaitosha kabisa. Hojicha ni chai ya kijani iliyokaangwa, kwa hiyo inastahimili maji ya kuchemka kwa nusu dakika; kwa maoni yangu hii ndiyo ya kuanzia kwa mpenzi wa mahamri. Matcha, chai ya kijani iliyosagwa kuwa unga, hukorogwa kwa mchapo wa mianzi, gramu 2 kwa mililita 70, na kitu kitamu huliwa kabla ya kuinywa, kazi ambayo kipande kidogo cha halua kinaiweza.

Wakati wa kaskazi, tia gramu 10 za sencha katika lita moja ya maji baridi, weka kwenye friji kwa muda wa saa nne au tano, kisha chuja.

Adui mkubwa wa majani haya ni unyevu wa pwani. Yahifadhi katika kopo linalofunga barabara, mbali na bizari na iliki, kwani hunasa harufu upesi. Pakiti iliyokaa kwenye friji iache nje hadi ubaridi uishe ndipo uifungue, la sivyo unyevu wa hewa ya nje utageuka matone juu ya majani.