Muvi ya kiimani kuhusu watoto wanaouzwa imeshatoka kwa DVD, sasa unaiangaliaje na watoto wako au vijana wa kanisa

Muvi za namna hii zikiwa bado sinema watu wanaingia, wanalia, wanatoka, kila mtu anashika njia yake na mazungumzo yanaishia hapo hapo mlangoni. Ikishatoka ya nyumbani, iwe DVD au ya kukodi mtandaoni, unapata kitu ambacho sinema hawana, rimoti iko mkononi mwako, unasimamisha, unarudisha nyuma, unazima kabisa ukiona imezidi. Mimi nakaa na vijana kanisani na nimeshaonyesha muvi za mada hii zaidi ya mara moja, mara ya kwanza nilifanya vibaya, ndo maana naandika.

Tuanze na diski yenyewe maana hapa watu wanapoteza hela bure. Nyuma ya boksi la DVD tafuta kapicha ka dunia kenye namba ndani, hiyo ndo kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa. 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, na deki ya kanda moja inaweza ikakataa diski ya kanda nyingine. Ukikuta 0 au ALL inacheza popote. Blu-ray, zile diski za picha kali zaidi, wao wanatumia herufi A, B na C. Angalia pia kama ina maandishi ya chini na kwa lugha gani, kama kuna bibi au mtoto asiyefuata lugha ya muvi hilo ni jambo kubwa. Ukikodi mtandaoni soma masharti, huduma nyingi zinakupa siku 30 za kuanza kuiangalia na ukishabonyeza tu unabaki na saa 48, kwa hiyo usianze Ijumaa asubuhi muvi ya kuangalia Jumapili jioni.

Halafu leseni. Ile diski uliyonunua ni ya kuangalia nyumbani na watu wako. Ukiipeleka kanisani au ukumbini ukaweka projekta, hayo ni maonyesho ya hadhara hata kama hakuna kiingilio, na kwa kawaida unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Waandikie wasambazaji wenyewe, muvi nyingi za kiimani zina leseni maalumu ya makanisa. Tusipigane na wizi wa watoto kwa muvi ya wizi jamani.

Sasa hapa ndo penyewe. Iangalie mwenyewe kwanza, yote mpaka mwisho, na karatasi pembeni. Andika dakika ya kila tukio zito, mfano 00:34 mtoto anachukuliwa, 00:52 chumba, usitegemee alama ya umri peke yake kwa sababu muvi ya kiimani inaweza isionyeshe kitu chochote kibaya ila sauti tu nyuma ya mlango, na ile sauti ikamkaa mtoto wiki nzima. Mara ile ya kwanza sikuangalia kabla, niliamini trela. Katikati binti mmoja wa miaka kama 13 akachukua mto wa kiti akaufunika uso, hakulia, hakutoka, alikaa tu na ule mto mpaka mwisho na mimi nikamwona nikaendelea kuicheza kwa sababu niliona aibu kusimamisha mbele ya watu. Sitarudia tena. Kabla hujabonyeza waambie wote kwamba kutoka nje ni ruhusa, hakuna atakayeulizwa kwa nini, na weka mtu mzima mmoja nje mlangoni wa kukaa na atakayetoka. Watoto wadogo wasiwepo kabisa.

Kama ni vijana, fungueni na Mwanzo 37, Yusufu. Wengi wanaijua kama hadithi ya kanzu nzuri, we wasomee taratibu mstari wa 28, aliuzwa kwa vipande ishirini vya fedha akapelekwa Misri, alafu uliza: nani walimtupa shimoni wakapanga kumuuza? Kaka zake. Acha swali likae kidogo maana muvi nyingi zinapenda kuonyesha gari geni na mtu mgeni anayenyakua mtoto, wakati kwenye maisha mara nyingi anayeanza ni mtu anayejulikana, ndugu, jirani, rafiki wa mama, au mtu wa mtandaoni ambaye mtoto ameshamzoea, na hanyakui, anaahidi. Shule, kazi ya ndani, mpira, uanamitindo. Mtoto akitoka kwenye muvi anaogopa magari tu basi hajapata kitu.

Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya nchi ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na kwa mtoto hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, kumchukua au kumhifadhi ili anyonywe tayari ni usafirishaji haramu. Waelezee vijana hilo kwa maneno mepesi, yaani "lakini alikubali mwenyewe" haina uzito. Na sio ngono peke yake, kuna kazi za kulazimishwa, kuombaomba, na watoto wa kiume wamo pia.

Wakati muvi inaenda simamisha mara mbili au tatu, sio zaidi, mtaikata utamu. Mahali pazuri ni pale mtu anapotoa ile ahadi ya kwanza. Uliza tu, hapa nani angeweza kuuliza swali, na swali gani? Ikiandikwa imetokana na kisa cha kweli waambie kweli inaongezewa chumvi ili iwe muvi, watu wawili wanaunganishwa wanakuwa mmoja.

Ikiisha usiwashe taa zote na kuanza mahubiri. Dakika chache za kimya, sala fupi. Mtoto akikufuata pembeni akakuambia jambo lililompata, msikilize, usimhoji kama polisi, mwambie sio kosa lake na kwamba umemwamini, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, peleka polisi au ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, na usiende kumkabili mtuhumiwa wewe mwenyewe hata kama ni mtu wa kanisani, hasa kama ni mtu wa kanisani.

Kwa tarehe, kuna 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita aliyetekwa akiwa mtoto kule Darfur, Sudan, akauzwa mara kadhaa, na 30 Julai ni siku ya dunia ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu.

Na rudi kwao baada ya wiki. Swali la kweli huwa halitoki usiku ule wa muvi. Yule binti wa mto alinifuata siku nyingine kabisa tunakunja viti, akauliza, "Sasa mjomba akisema amenipatia shule mbali, mimi namuuliza nini?" Tukaviacha viti, tukakaa, tukaandika naye maswali: shule inaitwaje, nani mwingine anaijua, nitalala wapi, namba ya mwalimu ni ipi, na mama nitaongea naye siku gani.