Kumtunza Kijana Asiyeona Mbali: Mwongozo kwa Wazazi wa Lamu

Kijana asiyeona mbali mara nyingi hajui kwamba haoni vizuri, kwa sababu hana kipimo kingine cha kulinganisha. Hukunja macho anapotazama ubao, husogea kiti cha mbele, au hunakili kutoka daftari la jirani yake. Katika vichochoro vya Langoni na Mkomani, ambako jicho hugonga ukuta baada ya hatua chache, hata wazazi wanaweza kukaa muda mrefu bila kutambua.

Mpeleke Mkunguni mchana, umwombe asome jina lililoandikwa ubavuni mwa mashua ambalo wewe unalisoma bila taabu, kwanza kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto. Akishindwa, toboa kadi ngumu kwa sindano na umwambie achungulie kwenye kile kitundu. Maandishi yakimtokea vizuri zaidi, yaelekea tatizo litarekebishika kwa miwani. Yasipobadilika, huenda kuna ugonjwa mwingine na asicheleweshwe. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa hospitalini.

Kwa kawaida chanzo ni jicho kurefuka kupita kiasi, hata taswira ikaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, badala ya juu yake. Urefu wa ziada wa milimita 1 tu huleta takriban dayopta 2.5 hadi 3 (dayopta ndiyo kipimo cha namba ya miwani). Jicho hilo halirudi kuwa fupi, na kwa wengi huendelea kurefuka hadi mwisho wa ujana, ndiyo maana haitoshi kumnunulia mtoto miwani mara moja na kuliona jambo limekwisha.

Anapopimwa, uliza kama atatiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, kwa kuwa jicho la kijana hujikaza na linaweza kutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli. Matone hayo humfanya asione vizuri karibu kwa saa kadhaa, pengine siku nzima au zaidi, basi usiyapange karibu na mtihani. Miwani iwe ya namba kamili. Wapo wanaoomba ipunguzwe ili jicho "lisizoee", lakini utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 uliona macho ya watoto waliopewa namba pungufu yakizidi kuharibika kwa kasi zaidi. Karoti ni chakula kizuri, ila haifupishi jicho.

Kinga iliyo karibu nasi zaidi ni mwanga wa mchana. Nje, mwanga hupita luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa urahisi, ilhali ndani ya nyumba zetu za mawe, zenye kuta nene na madirisha machache, mara nyingi haufiki hata 500. Lengo liwe saa 2 nje kila siku, na muda wa baada ya alasiri hadi magharibi unatosha: mpira, au kutembea ufuoni hadi Shela. Kivulini pia kunafaa, na kofia haina neno. Faida hii imethibitika zaidi katika kuchelewesha tatizo lisianze, kwa hiyo wadogo zake nao watoke.

Sisemi aache kusoma. Msahafu uwekwe juu ya marufaa badala ya kuinamiwa mapajani, kitabu kikae angalau sentimita 30 kutoka machoni, na kila baada ya dakika 20 atazame mbali kidogo. Simu ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwa kuwa huletwa karibu kuliko kitabu.

Apimwe tena kila baada ya miezi 6 hadi 12, na karatasi za vipimo zihifadhiwe. Namba ikipanda haraka, muulize daktari kuhusu matone ya atropini yenye nguvu ndogo, ya asilimia 0.01 hadi 0.05, au lenzi maalumu za kupunguza kasi. Ni ghali, na hazipatikani kila mji. Upasuaji wa leza usifikiriwe kabla ya miaka 18 na kabla namba haijatulia.

Kuanzia dayopta 6 hasi, hatari ya retina kubanduka huwa kubwa zaidi. Akiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, mvushe Mokowe siku hiyo hiyo, hata kama jicho halimuumi, na kabla ya kuondoka piga simu ujue ni hospitali ipi yenye daktari wa retina.