Umefukuzwa kwa sababu ya chama? Hivi ndivyo unavyofungua mgogoro CMA Dar es Salaam

Barua ya kuachishwa kazi haisemi umefukuzwa kwa sababu ya chama cha wafanyakazi. Inasema ulichelewa, ulimjibu vibaya msimamizi, au kazi zimepungua. Ila wewe unajua wiki mbili kabla ulikuwa unazunguka na fomu za TUF 6, za kuruhusu makato ya ada ya chama, ili wenzako wajiunge, na waliopunguzwa ni walewale waliojaza. Mwongozo huu ni wa mtu kama huyo, aliyeajiriwa sekta binafsi. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine: tangu 2016 sheria inamtaka amalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Unachosimamia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kifungu cha 9 kinakupa haki ya kuunda na kujiunga na chama, na kinakataza mtu kukubagua kwa kuitumia haki hiyo. Kifungu cha 37 kinasema kumwachisha mtu kwa kuwa ni mwanachama, au kwa kushiriki shughuli halali za chama, si haki. Neno "halali" lina uzito hapo: mgomo wa ghafla, bila kupitia usuluhishi na bila notisi ya saa 48, haukukingi. Kizuri zaidi ni kifungu cha 39, kinachomtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki.

Anza na kalenda

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Kwa mambo mengine, mfano kushushwa cheo au kuhamishiwa zamu ya usiku kwa sababu ya chama, ni siku 60 tangu jambo lilipotokea. Jumamosi na Jumapili nazo zinahesabiwa.

Hapa ndipo watu wanapoangamia. Nimekuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda kimoja huku Barabara ya Nyerere, na kesi nilizoona zikizikwa hazikuzikwa na wakili wa kampuni. Zilizikwa na maneno "subiri kidogo, bosi akirudi tutaongea." Mwenzetu mmoja alisubiri hivyo hadi siku ya 41. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu F2 pamoja na hati ya kiapo, lakini lazima utoe sababu ya msingi kwa siku zote ulizochelewa, na "nilikuwa nafanya mazungumzo na meneja" mara nyingi haitoshi. Ongeeni, sawa, ila fomu ya kufungua mgogoro iwe imeshafika CMA.

Jambo jingine: usisaini barua ya kujiuzulu waliyokuandikia wao, hata ukiambiwa bila hiyo hupati stahiki zako. Ukishasaini, mzigo wa kueleza kwamba hukuacha kwa hiari ni wako.

Kusanya karatasi kabla ya kwenda

Mkataba, barua ya kuachishwa, hati za mshahara zinazoonyesha makato ya chama, nakala ya TUF 6 iliyogongwa mhuri wa mwajiri, barua ya kukuita kwenye kikao cha nidhamu. Angalia tarehe ya hiyo barua: kanuni zinataka upewe angalau saa 48 za kujiandaa, na uruhusiwe kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kama kuna ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi akiwatisha waliojiunga, upige picha leo, magrupu huvunjwa. Kisha andika tarehe kwa mfuatano, ukurasa mmoja unatosha: lini ulijiunga, lini menejimenti ilijua, lini onyo la kwanza, lini barua. Ukiwa na miaka minne bila onyo hata moja, halafu maonyo matatu ndani ya mwezi ulioingia chama, mwamuzi ataona mwenyewe.

Kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayakuhusu. Hapo pita kwenye ofisi ya chama kwanza mjadili kama mtadai ubaguzi wa kifungu cha 9.

Fomu F1

Mgogoro unafunguliwa mahali ulipotokea. Dar es Salaam utaona majalada yana alama ILA, KIN au TEM, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke. Chukua fomu F1, ndiyo ya kufungua mgogoro, ijaze kwa Kiswahili. Sehemu ya B ni ya walioachishwa kazi pekee: inauliza utaratibu ulikiukwa wapi na sababu ya kukuachisha ina kasoro gani.

Usiandike "nilionewa" ukanyamaza. Andika wazi kwamba umeachishwa kwa uanachama wako, na utaje unachotaka: kurudishwa kazini, fidia, au vyote ulivyonyimwa. Utakachoacha nje ya F1 ni vigumu kukiingiza baadaye.

Mpelekee mwajiri nakala kabla ya kuwasilisha, asaini au agonge mhuri kwenye yako. Mlinzi wa getini akikataa kuipokea (na atakataa, ameagizwa), itume kwa rejista posta na utunze risiti. Tume itataka uthibitisho kwamba mwajiri amepata.

Siku ya usuluhishi na baada yake

Usuluhishi unapewa siku 30, mkikubaliana unaongezwa. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili, au mtu uliyemchagua. Usipotokea, shauri lako linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye. Ukipewa kiasi fulani umalize palepale, omba mtoke nje mhesabu na mwakilishi wako kwanza. Mkataba wa makubaliano ukishasainiwa unafunga.

Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Huko mashahidi wanaapishwa, na wale waliokuahidi watakuja kusema ukweli ndio utakaowahitaji, kwa hiyo wapigie mapema. Wengi bado wako kazini na wana woga wao. Tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi, hutolewa ndani ya siku 30 baada ya kusikilizwa kuisha. Asiyeridhika ana wiki 6 tangu apewe tuzo kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie, na hizo nazo zianze kuhesabiwa kwenye kalenda ileile.