Ukitaka kuandika "ncha ya mlima wa barafu"

Majirani zangu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hunipa barua zao nizipitie kabla hazijapelekwa kwa diwani au ofisi ya maji. Vijana wameupenda mno msemo huu wa Kiingereza, wenye maana kwamba kinachoonekana ni sehemu ndogo tu ya kikubwa kilichofichika. Ni msemo wenye nguvu, nami nataka ubaki na nguvu zake, kwa hiyo usiuandike mpaka ujue chini kuna nini.

Mlima wa barafu uliomo baharini hutokeza takriban sehemu moja katika kumi. Tisa zimezama, na zote ni pande moja la barafu. Wengi hulisahau hili la mwisho. Utaona barua imeorodhesha maji ya chumvi, taka za ufuoni na punda wagonjwa, kisha yote yanaitwa ncha. Hapo hakuna lililobebwa na mwenziwe. Ni barua tatu hizo.

Shika la chumvi peke yake. Anza na kilichoonekana: kisima kipi, mwezi gani, kabla ya masika au baada. Kisha shuka. Maji ya mji wa Lamu hutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Tukivuta kwa pampu hata mita ile ikatoweka, chumvi hupanda, pole pole, kuzijaza zile 40. Tukijenga juu ya vilima, mvua hukosa pa kuingilia na vyoo humwaga uchafu mle mle tunamoteka.

Ukishaeleza hayo, andika: "Chumvi tunayoionja ni ncha tu ya mlima wa barafu." Mara moja yatosha. Kama huna hakika na yaliyo chini, andika "tuna wasiwasi" na uombe visima vipimwe.

Ikiwa barua itasomwa mbele ya wazee barazani, sema tu kwamba yaliyofichika ni makubwa kuliko yanayoonekana. Watakuelewa mara moja.

Malizia kwa maombi yanayotekelezeka: chumvi ipimwe kila mwezi, saa za pampu zipunguzwe, ujenzi vilimani usimamishwe. Taja na tarehe unayotaka kujibiwa.