Tunguu la Maua Dodoma: Chagua Linalolala Kiangazi

Kuanzia Oktoba, mawingu yanapoanza kudanganya watu, hunijia wateja na pakiti zenye picha ya ua zuri ajabu. Ndani kuna matunguu matano au kumi yaliyokauka, na nyuma kuna maelezo ya kigeni: panda majira ya kuchipua, maua kiangazi. Swali ni lile lile kila mwaka: "Bwana shamba, hayo majira ya kuchipua hapa kwetu ni mwezi gani?"

Hayapo. Maelezo yale yaliandikiwa Uingereza au Uholanzi, ambako mwaka unagawanywa na baridi. Machi na Aprili ardhi yao inaanza kupata joto, wanapanda, na maua yanakuja kati ya Juni na Septemba, wakati kiangazi chao kina joto la wastani na mvua za hapa na pale. Kwetu mwaka unagawanywa na mvua. Dodoma tuna msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 mwaka ukiwa mzuri. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Anayeitii pakiti akapanda Machi anaamsha mmea wakati mvua zinaaga. Kwa hiyo popote paliposomeka majira ya kuchipua, wewe soma: mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba, mvua ya kwanza ikishalowesha udongo.

Kabla ya rangi ya ua, uliza jambo moja: tunguu hili hulala lini, na nini hulilaza? Tunguu ni ghala. Mmea huweka chakula humo ili uvuke kipindi kibaya, kisha majani hufa na wenyewe hubaki chini ukisubiri. Kuna yanayosubiri baridi ipite na kuna yanayosubiri mvua irudi. Haya ya pili ndiyo yetu, hata kama asili yake ni ng'ambo.

Tulipu ni la kundi la kwanza, na nilijifunza kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilinunua matunguu yake ishirini dukani, muuzaji akaniapia kwamba yanastahimili jua. Yalitoa majani mawili matatu ya unyonge, kisha kimya. Tulipu huhitaji wiki 12 au zaidi za baridi chini ya nyuzi 10 mfululizo ili lijenge kikonyo cha ua, na usiku wetu wa Julai, ule unaotufanya tutafute makoti, kwa kawaida huishia nyuzi 13 au 14. Wapo wanaoyaweka kwenye friji miezi mitatu wakapata ua la siku chache. Kama friji yako haina kazi nyingine, jaribu. Nasisi za manjano za Ulaya, zile kubwa, nazo usizihangaikie.

Sasa yanayokubali. La kwanza ni amarilisi, lenye maua makubwa mekundu kama tarumbeta, ambalo bibi wengi wanalo uani bila kujua jina lake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hulipandi lote chini: acha shingo na theluthi ya juu ya tunguu nje ya udongo, la sivyo maji yatatuama shingoni na litaoza. Kuanzia Juni punguza maji hadi uache kabisa, liache wiki nane hadi kumi kavu kivulini, kisha Oktoba anza kumwagilia kidogo kidogo. Mara nyingi ua hutangulia jani. Usilihamishe kila mwaka. Hupenda kubanwa na chungu, na chungu kipana kuliko tunguu kwa vidole viwili kila upande kinatosha.

Kana, kutoka Amerika ya kitropiki, ndilo langu la kumpa anayeanza. Si tunguu hasa, ni shina la chini linalotambaa kama la tangawizi. Kata vipande vyenye macho mawili au matatu, fukia sentimita 10, basi. Hupenda maji, kwa hiyo mahali pake ni pale maji ya kusuuzia nguo yanapoishia, si katikati ya uwanja. Akina mama wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, ambako mvua ikizidi maji hutuama, wanaweza kulipanda mahali ambapo matunguu mengine yote yangeoza.

Dalia, ua la taifa la Meksiko, ni zuri kuliko yote haya na ndilo linalolia sana. Kwao hukua nyanda za juu, ambako usiku ni baridi. Joto letu la Novemba, linalogusa nyuzi 31, linalichosha: machipukizi hudumaa na buibui wekundu hushambulia chini ya majani. Lipande Desemba mwishoni au Januari mwanzoni ili maua yaangukie Aprili na Mei, usiku unapoanza kupoa. Lipe kivuli cha alasiri, upande wa mashariki wa nyumba panafaa, na mti wa kuegemea tangu siku ya kupanda, kwa sababu ukiuchomeka baadaye utatoboa viazi. Unaponunua angalia hili kwanza: kiazi cha dalia hakichipui popote kama kiazi mviringo. Macho ya kuchipua yapo kwenye shingo, pale kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kinene kilichovunjika shingo ni cha kutupa, na wauzaji wengi huviuza hivyo hivyo.

Gladiola hupendwa na wapambaji wa harusi na wanaopamba altare. Ndugu zake wengi wa porini wako Afrika ya Kusini. Chagua tunguu lililotuna kwenda juu; lile pana lililobapa ni zee na hutoa ua dhaifu. Fukia sentimita 10 hadi 15 ili upepo usiling'oe. Huchanua ndani ya siku 70 hadi 100, kwa hiyo gawanya matunguu yako na upande kidogo kila baada ya wiki mbili, Desemba hadi Februari. Adui wake ni vithripsi, vidudu vyembamba vinavyoacha michirizi ya rangi ya fedha. Tuberosi ya Meksiko, nyeupe na yenye harufu inayokuja jioni, hupenda jua kali kuliko gladiola. Tunguu mama huchanua mara moja tu, vitoto vyake ndivyo vya mwaka ujao.

Na kabla hujatoa fedha kwa kitu cha ng'ambo, tembea porini wiki mbili baada ya mvua ya kwanza. Utaona chini ya miti mpira mwekundu wa nyuzi nyuzi umechomoza peke yake, bila jani. Hilo ni tunguu la hapa hapa, ndugu wa amarilisi, na wazungu hulifuga ndani ya nyumba zenye vipasha joto. Utaona pia gloriosa, inayopanda vichaka kwa ncha za majani yake, maua yake kama ndimi za moto. Usiyang'oe porini, tafuta vitalu vinavyoyazalisha. Gloriosa ina sumu inayoua, hasa kiazi chake, ambacho mtoto anaweza kukidhania kiazi kitamu. Amarilisi nayo haifai kinywani. Mwenye watoto wadogo au mbuzi wasiofungwa apande kana na dalia.

Ukiwa dukani, shika tunguu, usitazame picha. Liwe zito kwa ukubwa wake, gumu ukilibonyeza hasa kitako, lisiwe na ukungu wa kijani wala harufu. Jepesi kama ganda la karanga limeshakufa. Kubwa huchanua mwaka huu, dogo hukusubirisha, kwa hiyo bora manne makubwa kuliko kumi madogo. Kuleta matunguu kwenye begi kutoka safarini siyo ujanja: mimea inayoingia nchini huhitaji kibali na cheti cha afya, kazi inayosimamiwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, maana ugonjwa mmoja wa udongo ukiingia hautoki.

Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa kama tofali. Mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, uliofutwa 1951, ulikwama kwa mengi, mojawapo likiwa ardhi hiyo iliyokaukiana hadi majembe ya trekta yakashindwa na karanga zikagoma kutoka. Tunguu nalo haliwezi kujitanua humo. Changanya ndoo mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga wa korongo. Samadi mbichi huunguza na huita mchwa.

Chombo si lazima kiwe chungu cha dukani. Ndoo ya rangi iliyosafishwa ya lita 20, yenye matundu matano chini, hutosha dalia moja au gladiola saba. Ndoo nyeusi juani huchemsha mizizi. Ipake chokaa au iweke ndani ya tenga na ujaze majani makavu pembeni. Kuanzia Juni upepo hukausha chombo kwa siku moja, hivyo sogeza vyote kwenye kona moja vikingane. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi: ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, mimina maji mengi mara moja kwa mwezi hadi yatiririke chini, na masika weka beseni chini ya bati.

Pembezoni mwa chombo, ambapo tunguu bado halijatoka, jaza maua yasiyohitaji adabu: gazania, jeranio, zinia, au vinka ya Madagaska, ambayo nimeiona ikichanua Oktoba kwenye ufa wa saruji.

Juni majani yakishageuka manjano, usiyakate mapema. Ndiyo yanayojaza ghala. Yakikauka, fukua dalia na gladiola, yaanike kivulini siku nne au tano, uyatie kwenye boksi la mchanga mkavu na kulitundika darini kwa waya, mbali na panya na mchwa. Andika jina na rangi juu ya boksi. Ikifika Septemba fungua, nusa, toa lililooza lisiambukize mengine, kisha funika tena hadi mvua.