Somo: Kutengeneza kifuniko cha tangi la samaki la mtumba

Matangi mengi ya mtumba huuzwa bila kifuniko, na mnunuzi huishia kutupia juu kipande cha mbao au wavu. Mbao huvimba kwa mvuke. Wavu humzuia samaki kuruka, lakini maji yanazidi kupungua. Mimi nashauri kioo. Plastiki ya uwazi ni nyepesi, ila unyevu wa chini na joto la taa huipinda.

Hatua ya 1: vipimo. Hapa ndipo kazi ilipo. Usitegemee "futi mbili kwa moja" ya muuzaji. Pima mdomo wa tangi kwa ndani: kushoto, katikati na kulia. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Namba zikitofautiana, ujue tangi haliko mraba. Kwa hiyo usimpelekee fundi vioo namba tupu. Kata boksi gumu, lipunguze kidogo kidogo mpaka liingie bila kusukumwa, kisha mpelekee hilo boksi.

Hatua ya 2: vikalio. Tangi likiwa tupu na kavu, safisha kwa spiriti, kisha gundisha vipande vinne vidogo vya kioo kwa ndani, sm 1 chini ya ukingo. Kifuniko kikikaa ndani hivyo, matone yanarudi majini badala ya kumwagika mezani. Tumia silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inadhuru samaki. Iache ikauke saa 48, na harufu ya siki iwe imekwisha kabisa.

Hatua ya 3: kioo. Mm 4 inatosha kwa tangi dogo. Kata vipande viwili: cha nyuma kinatulia, cha mbele unakiinua wakati wa kulisha. Kona moja ya nyuma ikatwe kwa ajili ya waya wa hita na mpira wa hewa. Kingo zote zipigwe msasa wa maji, zikiwa zimelowa ili vumbi la kioo lisiruke.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nafuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Nao wanaruka?
Ndiyo. Dume akishika eneo lake huwafukuza wenzake, na anayefukuzwa anaweza kutoka nje.

Samaki hawatakosa hewa?
Hapana, nafasi ya ile kona inatosha. Kama una gurami au beta, usijaze maji hadi kwenye kioo; wao huja juu kuvuta hewa.

Kioo cha mlango wa gari kinafaa? Ninacho bure.
Hakifai, kaka. Kimekazwa kwa moto. Fundi akijaribu kukikata kitasambaratika chote. Tafuta kioo cha dirisha la kawaida la nyumba, hata kikuukuu.

Kimeota utando mweupe, taa haipiti vizuri.
Ni chokaa ya maji. Kitoe, kifute kwa siki, kisuuze vizuri ndipo ukirudishe.