Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kurekodi Skrini

Kwanza, weka simu chini. Nafanya kazi kwenye saiba hapa Roysambu, Nairobi, na kila Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, naletewa picha za kompyuta zilizopigwa kwa simu. Zina mistari ya rangi kama kitenge kilichochuja, paji la uso la mpigaji linaonekana kwenye kioo, na ile namba ya kosa ninayoitafuta ndiyo imemezwa na mwanga wa taa. Kompyuta inajua kujipiga picha yenyewe. Itumie.

Vitufe vijue mapema, usingoje siku ya haraka. Kwenye Windows, ukishika Windows na Print Screen pamoja, picha ya skrini nzima inaingia kwenye folda ya Screenshots ndani ya Pictures. Alt na Print Screen inachukua dirisha moja tu, lile unalolitumia. Windows, Shift na S inakupa nafasi ya kukata kipande unachotaka. Print Screen peke yake, kwenye mashine nyingi za zamani, haihifadhi faili popote. Picha inakaa kwenye kumbukumbu ya muda ikingoja uibandike mahali, na ukinakili kitu kingine kabla ya hapo, umeipoteza. Nimeona mtu mzima akibonyeza kitufe hicho mara kumi, kila mara kwa nguvu zaidi, kisha akaniita kuniambia mashine imeharibika. Laptopu ndogo nyingine hutaka ushike na Fn. Kwenye Mac ni Command, Shift na 3 kwa skrini nzima, 4 kwa kipande, na 5 kwa kisanduku chenye kila kitu pamoja na kurekodi video. Hicho cha 5 kilikuja na mfumo wa macOS Mojave mwaka 2018, kwa hiyo Mac kuukuu usiitafutie.

Funga yasiyohusika. WhatsApp ya kwenye kompyuta, barua pepe, kurasa kumi na saba ulizofungua juu ya kivinjari. Picha ya skrini haina adabu ya kuchagua cha kuonyesha. Zima arifa pia. Mimi nimewahi kumtumia mteja video ya mafunzo ambayo kwenye kona, kwa sekunde tano nzima, mwenye nyumba ananikumbusha kodi. Mteja hakusema neno, ila malipo yake yalikuja siku hiyo hiyo, na sijui kama ilikuwa shukrani au huruma.

Kuna watu wanaochukulia kuficha namba kama mchezo. Taarifa ya M-Pesa, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA: usizipake kalamu ya rangi inayopitisha mwanga. Mtu akiongeza mng'ao wa picha, tarakimu zinarudi kukusalimia. Kuzitia ukungu nako hakutoshi, maana tarakimu ni kumi tu na umbo lake hukisiwa. Chora mstatili mweusi tii, kisha hifadhi kama picha mpya. Na kukata pia kulikuwa na siri yake. Machi 2023 Microsoft ililazimika kurekebisha zana yake ya kukatia picha kwenye Windows 11, na nduguye ya Windows 10, baada ya kugunduliwa kwamba ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili ile ile, masalia ya picha nzima yalibaki mkiani mwa faili na mjuzi aliweza kuyafufua. Simu za Pixel za Google zilikutwa na ugonjwa kama huo. Programu zimetibiwa. Picha ulizotuma kabla ya hapo bado ziko huko zilikotumwa.

Pima nafasi. Rekodi ya kawaida ya skrini kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 1.1 kwa saa. Ukiongeza kasi, ongeza hesabu. Na ukitaka kumpelekea mtu kwa flashi, angalia imeumbwa (formatted) kwa mfumo gani, kwa sababu ile ya FAT32 hukataa faili moja inayozidi gigabaiti 4 hata kama yenyewe ni ya 32 na haina kitu ndani. Iumbe upya kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo, tafadhali.

Jaribu sauti. Rekodi sekunde thelathini, simamisha, vaa spika za masikioni, sikiliza. Sauti ya kompyuta na sauti ya maikrofoni ni vitu viwili, na kimoja kikiwa kimezimwa hakuna atakayekwambia. Wanaorekodi kwa kubonyeza Windows na G, jueni kwamba kisanduku kinachofunguka, Xbox Game Bar, kilitengenezewa wachezaji wa gemu: kinashika dirisha la programu moja, hakirekodi uso wa kompyuta wala folda zako. Na usipoteze jioni kujaribu kurekodi filamu ya Netflix. Utapata weusi na sauti, na wameuweka makusudi.

Sasa hili la stima.

Kuna chama cha akina mama kule Umoja ambacho mweka hazina wake, mwalimu mstaafu, alikuwa anahamia Busia moja kwa moja. Alikuwa ameshika vitabu vyao miaka tisa. Jedwali lake la kompyuta alilishona mwenyewe kwa mkono: faini za kuchelewa, mikopo inayorudi nusu nusu, michango ya matanga iliyowekwa pembeni isichanganyike na akiba. Wenzake wakanilipa 1,500 niende nimrekodi akieleza, ili anayechukua nafasi yake apate pa kurejea. Basi lake lilikuwa la alfajiri ya kesho yake.

Nikaenda na laptopu yangu. Betri yake ilikuwa imekufa mwaka mzima uliopita, ukichomoa waya inazimika papo hapo, na hilo nililijua. Programu ilikuwa OBS Studio, ile ya bure. Yenyewe ilikuwa imewekwa kuhifadhi kwa MKV, aina moja ya faili za video. Mimi ndiye niliyeibadilisha ikawa MP4, aina nyingine, kwa sababu mteja mmoja kabla yake alilalamika kwamba simu yake haifungui MKV. Nilijiona nimerahisisha mambo.

Tukarekodi saa moja na dakika hamsini. Yule mama alikuwa na kipaji. Alifika mstari wa 212, penye seli nyekundu, akaweka mshale hapo akasema, "Huyu alimalizia deni kwa kuku wawili, tukakubaliana kwenye mkutano. Msimwulize tena." Nikacheka kimya kimya nisiharibu rekodi. Alikuwa amebakiza ukurasa wa mwisho, wa riba, friji iliponyamaza, jirani wa juu akapiga ukelele, na kioo cha laptopu kikawa giza.

Stima ilirudi saa nne usiku na dakika zake. Nikafungua folda nikakuta faili ipo, karibu gigabaiti mbili, nikashusha pumzi. Nikaibonyeza. Haikufunguka. Nikaijaribu kwa VLC, ambayo hufungua hata mfuniko wa jeneza, nayo ikanyamaza.

Nimekuja kuelewa baadaye kilichotokea. Faili ya kawaida ya MP4 ina sehemu inayofanya kazi ya orodha ya yaliyomo: picha hii iko wapi, sauti hii ni ya dakika gani. Programu ya kurekodi huiandika orodha hiyo mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kusimamisha. Stima ikikatika kabla ya hapo, unabaki na kurasa zote za kitabu zimemwagika sakafuni bila namba. MKV huandika maelezo yake kidogo kidogo njiani, kwa hiyo mashine ikizimika ghafla unapoteza sekunde za mwisho tu, yaliyotangulia yanachezeka.

Nikamwomba turudie. Akayatazama masanduku ambayo hayajafungwa, akanitazama mimi. "Mwanangu, mimi si redio."

Pesa nilirudisha. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue alijaribu kuifufua kwa programu inayohitaji rekodi nzima ya mfano, iliyotengenezwa na mashine ile ile kwa mpangilio ule ule, ili iige orodha yake. Tukapata dakika arobaini za picha bila sauti. Ni mshale mweupe unatembea juu ya jedwali, unafika mstari wa 212, unasimama kwenye seli nyekundu, unakaa hapo muda, unaendelea. Mweka hazina mpya akaitazama hiyo. Mwenye kuku akadaiwa kwenye mkutano wa kwanza.

Kwa hiyo rekodi kwa MKV. Ukimaliza, kwenye OBS hiyo hiyo nenda kwenye menyu ya File uchague Remux Recordings, nayo itahamishia video yako kwenye MP4 bila kugusa ubora wake, kazi ya muda mfupi tu, na simu ya mteja itafungua. Matoleo ya OBS kuanzia 2024 yana MP4 ya mseto inayovumilia kukatizwa, lakini hakikisha kwa macho yako ni hiyo uliyochagua. Kama programu yako haina chaguo isipokuwa MP4, rekodi vipande vya dakika kumi na tano, ili ukipoteza, upoteze kipande. Na betri. Kama laptopu inaishi kwa waya, azima nyingine. Nairobi hii hakuna anayekupigia simu kukuambia stima inaondoka.

Kabla ya kurekodi mazungumzo ya watu, omba ruhusa, na rekodi ikishaanza iombe tena ili jibu lao lisikike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sauti na sura ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na ipo afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayopokea malalamiko. "Nilidhani hatajali" si ruhusa.

Kama unapiga picha kwa ajili ya ugomvi, mwenye nyumba, mwajiri, muuzaji aliyekula pesa yako, usikate. Chukua skrini nzima, anwani ya ukurasa juu na saa ya kompyuta chini zionekane. Faili ya asili usiiguse, kazi ifanye kwenye nakala. Ujumbe wenyewe usiufute ukidhani picha imetosha. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilitengenezwaje na kwa mashine gani, na kesi nzuri huyumba kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukiandaa. Muone wakili mapema, usimwone asubuhi ya kesi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha inabanwa, na maandishi madogo yanageuka vumbi. Ipe faili jina la maana pia. "Screenshot (148)" haitakusaidia Oktoba.

Na kama kompyuta si yako, ondoka nayo yote uliyoyaleta. Futa kwenye Screenshots, futa kwenye Captures ndani ya Videos zinakoangukia rekodi za Windows na G, futa kwenye Recycle Bin. Kisha bonyeza Windows na V: kama historia ya kunakili imewashwa, utakuta hadi vitu 25 vya mwisho vimepangwa hapo, picha zikiwemo, vinamngoja anayekaa kiti hicho baada yako. Bonyeza ya kufuta vyote. Mimi jioni nikifunga huzipitia mashine moja moja, na jana tu kwenye ya nne mlangoni nimefuta kitambulisho cha mtu pande zote mbili, hati ya mshahara, na picha ya skrini ya salio la benki. Mwenyewe alishaondoka saa nane mchana. Sijui saiba yako ina mtu wa kupitia mashine jioni au haina. Uliza kabla hujakaa.